Umeona kimondo kikubwa usiku? Fanya hivi, ukianza na dakika ile ile

Kimondo kikubwa hakipigi hodi. Kinatokea, kinaangaza ua mzima hadi vivuli vinakimbia ukutani, kinazimika, na yote hayo pengine hayakufika sekunde tano. Kinachofuata kwa wengi wetu ni kelele: "Umeona? Umeona?", halafu simu inatoka mfukoni, halafu status. Kesho yake ukimuuliza mtu kilipita upande gani, ananyoosha kidole kwa kusitasita, na mwenzake waliyekuwa wote ananyoosha kwingine kabisa.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Ufaransa wana mtandao wa kamera uitwao FRIPON, na Australia wana Desert Fireball Network. Kamera zao zinakodolea anga usiku kucha, kwa hiyo kimondo kikipita njia yake inapigiwa hesabu bila kumwamsha mtu. Kwetu Afrika Mashariki kamera za namna hiyo ni adimu mno, na kipimo kilichopo ni wewe uliyekuwa nje. Mashahidi watatu waliosimama miji tofauti, kila mmoja akiwa na pembe mbili tatu alizopima kwa makini, wanatosha kuonyesha kimondo kilizimikia juu ya wilaya gani. Mashahidi mia wanaosema tu "kilikuwa kikubwa, kimeangukia nyuma ya ule mlima" hawatoshi. Hatua zilizo hapa chini ni za kukuingiza kwenye kundi la wale watatu.

1. Kikiwa bado kinawaka, iache simu

Hutawahi. Mpaka ufungue kamera, kimeshaondoka, na wewe hukukiona kwa macho wala hukukirekodi. Kifuate kwa macho mpaka mwisho, na nguvu zako zote ziweke pale kinapozimika: ni juu ya nguzo gani, kushoto kwa mnazi upi, kati ya paa la jirani na nyota ipi. Mwanzo wa njia yake mara nyingi hatuuoni vizuri kwa sababu ni mwanga wenyewe uliotushtua tukageuka. Mwisho ndio unaoshikika, na ndio wenye thamani zaidi, maana kama kuna jiwe lililosalia, safari yake ya kushuka inaanzia hapo.

Hesabu sekunde kimoyomoyo. Ukishindwa wakati ule, fumba macho mara tu kinapozimika, kirudie kichwani na uhesabu. Watu husema "kilikaa dakika nzima" kwa kitu kilichochukua sekunde nne. Woga hurefusha muda.

2. Usihamishe miguu, na sikiliza

Baki pale pale ulipo. Ukisogea hata hatua kumi, ule mnazi uliokuwa alama yako haupo tena mahali pake ukilinganisha na anga. Kama ni lazima uondoke, chora mstari chini kwa kisigino au weka jiwe.

Halafu nyamaza, na uwanyamazishe wenzako. Sauti husafiri kilomita moja kwa karibu sekunde tatu. Kimondo kilichopasuka kilomita 30 juu ya kichwa chako, kishindo chake kitakufikia baada ya kama dakika moja na nusu, wakati watu wameshaanza kurudi ndani. Tazama saa wakati mwanga unazimika na uitazame tena kishindo kikifika. Tofauti hiyo ni ya thamani kubwa: inatoa umbali, na inaonyesha kwamba kitu kilishuka chini kabisa hewani, jambo ambalo vimondo vingi havijaliwi. Subiri dakika tano kabla ya kukata tamaa.

Kama mwanga ulikuwa wa kutisha, wa kugeuza usiku kuwa mchana, kaa mbali na madirisha. Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013, mwamba wa upana wa karibu mita 20 ulipasuka juu ya jiji la Chelyabinsk, Urusi. Watu walikimbilia madirishani kutazama ule moshi mrefu angani. Zaidi ya dakika moja baadaye wimbi la mshindo likafika na kuvunja vioo jiji zima. Takriban watu 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao kwa majeraha ya vioo. Hakuna aliyepigwa na mwamba wenyewe akafa.

Wapo watakaokwambia walisikia mchakacho au mlio wa kufoka *papo hapo* kimondo kilipopita, kabla ya kishindo. Usiwacheke. Taarifa za namna hiyo zipo nyingi duniani na wanasayansi wanazichukulia kwa uzito. Ziandike peke yake, usizichanganye na kishindo kilichokuja baadaye.

3. Pima kwa mkono

Hapa ndipo kazi ilipo, na haitaki kifaa chochote.

Nyoosha mkono wako mpaka mwisho, kunja ngumi, fumba jicho moja. Upana wa ngumi hiyo ni takriban nyuzi 10. Kidole cha mwisho peke yake ni kama nyuzi 1, na vidole vitatu vya kati vikibanwa pamoja ni nyuzi 5. Mtoto ana ngumi ndogo lakini mkono wake nao ni mfupi, kwa hiyo hesabu inalingana. Ukitaka kujijua, panda ngumi juu ya ngumi kuanzia upeo wa macho hadi utosini: zinapaswa kuwa karibu tisa, maana utosini ni nyuzi 90. Zikikujia nane au kumi, rekebisha hesabu zako kwa kiasi hicho.

Sasa pima kimo cha pale kilipozimika: ngumi ngapi kutoka upeo wa macho, yaani pale ardhi tambarare au bahari inapokutana na anga. Si kutoka juu ya kilima wala ukuta wa jirani. Rudia kwa pale ulipokiona mara ya kwanza.

Baada ya kimo, uelekeo. Dira ya simu inatosha, ila kwanza izungushe hewani mara kadhaa itulie, na usiitumie karibu na geti la chuma, gari au nguzo ya umeme. Huna dira? Ukiwa Pwani, msikiti ulio karibu unakusaidia. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa, kwa hiyo kibla cha huko ni kaskazini kwa tofauti ndogo sana. Bara zaidi mambo yanabadilika. Bujumbura, kwa mfano, kibla kinaegemea mashariki ya kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 20. Ukishaijua kaskazini, hesabu ngumi kwenda kulia au kushoto hadi usawa wa alama yako.

Kwa nini kuhangaika namna hii? Chukua mfano. Umesimama Morogoro, umekiona kikizimika upande wa mashariki, kimo cha ngumi moja tu. Macho yatakwambia kimeangukia mashamba ya jirani, na vijana watawasha pikipiki. Lakini vimondo vingi vyenye kuacha mawe huzimika vikiwa bado kilomita 20 hadi 30 juu ya ardhi. Kitu kilichozimika kilomita 25 juu, ukakiona kwa nyuzi 10, kiko umbali wa kilomita 140 hivi kutoka kwako. Hiyo ni Bagamoyo. Ndiyo maana "nyuma ya ule mlima" haina maana yoyote: aliyeko Morogoro ana mlima wake, na aliyeko Chalinze ana wake.

4. Andika saa, na uitafsiri vizuri

Sisi tuna shida ya peke yetu hapa. Mtu anaandika "saa 3:10 usiku", anayesoma Ulaya anaelewa saa tisa na dakika kumi za usiku, na ripoti inatupwa kwa kuwa hailingani na za wengine. Andika kwa mfumo wa saa 24: saa tatu na dakika kumi usiku ni 21:10. Fomu ikidai saa ya dunia (UTC), Tanzania, Kenya na Uganda mnaondoa saa tatu, inakuwa 18:10. Rwanda, Burundi, Goma, Bukavu na Lubumbashi mnaondoa mbili. Aliyeko Muscat anaondoa nne.

Tarehe nayo ina mtego. Saa nane za usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi ni Jumamosi, 02:00, kwa saa zetu. Kwa UTC bado ni Ijumaa, 23:00. Andika zote mbili, utamwondolea mwenzio kichwa kuuma.

Kama hukutazama saa, fungua WhatsApp. Ule ujumbe wako wa "jamani mmeona hicho kitu?" una muda wake pembeni, na kwa kawaida ulitumwa ndani ya dakika mbili.

5. Kabla hujatangaza, hakikisha ni kimondo

Kipimo cha kwanza ni muda. Vimondo huingia hewani kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, kwa hiyo hata kikubwa hukatiza na kuzimika kwa sekunde chache, mara moja moja kumi. Mabaki ya roketi au setilaiti yanayorudi duniani huja kwa kilomita 7 hadi 8 kwa sekunde. Yanatambaa angani karibu usawa wa upeo, yanamomonyoka vipande vinavyofuatana njia moja, na unaweza kuyatazama nusu dakika hadi dakika mbili. Ukiwahi kumwita mama mkwe kutoka jikoni na naye akaviona, si kimondo.

Mstari wa nuru ndogo zilizopangika kama shanga, zisizotoa mkia, ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Zinazometameta kwa mwekundu na kijani ni ndege.

Mabaki ya roketi si hadithi za mbali. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Kenya Space Agency ilieleza kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Kitu kama hicho usikiguse wala usikikate upeleke kwa wauza vyuma chakavu. Matangi ya roketi huweza kubaki na mafuta yenye sumu. Mwite chifu, mtendaji wa kijiji au polisi.

Kuhusu mwangaza, linganisha na vitu vinavyojulikana. Kimondo huhesabiwa kuwa kikubwa kikiizidi Zuhura. Je, kilifikia mwezi mpevu? Vivuli vilionekana chini? Kilipasuka, vipande vingapi? Rangi andika uliyoiona, bila kuipamba. Kijani cha kuelekea buluu mara nyingi ni magnesi inayoungua, na njano ni chuma au sodiamu, lakini hewa yenyewe iliyochemka nayo hutoa rangi zake, kwa hiyo usijenge nadharia juu ya rangi peke yake.

6. Kesho yake asubuhi: kamera na mashahidi

Nenda mapema kwenye kituo cha mafuta, lodge, benki, au kwa mfanyabiashara mwenye CCTV inayotazama barabara. Rekodi nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache. Hata kama kimondo chenyewe hakimo kwenye picha, vivuli vya nguzo vinavyozunguka chini vinaonyesha njia yake. Ukipewa nakala, linganisha saa ya ile kamera na ya simu yako na uandike tofauti, maana saa za CCTV nyingi zimepotea tangu siku ya kufungwa. Madereva wenye kamera za gari na walinzi wa usiku nao usiwaruke.

Kuhoji watu kuna ufundi wake. Mtu asikusimulie akiwa dukani kwako; mrudishe pale alipokuwa. Inakwenda hivi:

"Shikamoo mzee. Usiku ule ulikuwa umekaa wapi?"

"Marahaba. Hapa hapa, kwenye benchi hili."

"Hebu kaa vile vile ulivyokuwa. Sasa nionyeshe kwa fimbo yako ilipozimikia."

Mzee akishainua fimbo, simama nyuma yake, weka simu sambamba na ile fimbo, usome uelekeo na mwinamo. Programu ya pimamaji iliyomo kwenye simu nyingi inasoma nyuzi zenyewe. Usimtangulizie majibu kwa kuuliza "ilikuwa ya kijani, siyo?" Na akikwambia ule ni mwenge wa kumfukuzia shetani, kama wengi wa Pwani walivyofundishwa, hujaja pale kubishana. Umekuja kwa ajili ya fimbo.

7. Tuma ripoti

International Meteor Organization ina fomu ya bure mtandaoni inayopokea taarifa za vimondo vikubwa kutoka popote duniani. Unaweka alama kwenye ramani pale uliposimama, kisha uelekeo na kimo cha mwanzo na mwisho, muda, mwangaza, rangi, sauti. Ripoti za kimondo kimoja zikiwa kadhaa na zikakubaliana, huunganishwa na njia yake huchorwa kwenye ramani.

Jaza yako *kabla* ya kusoma za wengine. Kumbukumbu huambukizwa. Ukishasoma kwamba fulani alikiona kikipasuka mara tatu, nawe utakumbuka mara tatu.

Nakala ipeleke idara ya jiolojia au fizikia ya chuo kikuu cha karibu. Kwa Tanzania, kuna pia GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyopo Dodoma.

8. Na jiwe je?

Mara nyingi halipo. Vimondo vingi vikubwa huungua vyote. Dalili za matumaini ni tatu zikikutana: kilikwenda polepole kwa kiwango cha vimondo, kilizimika chini kabisa, na kishindo kilisikika. Baada ya kuzimika, vipande vilivyosalia huanguka gizani kwa dakika kadhaa bila mwanga wowote, vikisukumwa na upepo, na kutua kwa mwendo wa kitu chochote kilichodondoshwa kutoka juu sana. Haviwashi moto. Haviachi shimo la kutisha. Aliyekuonyesha nyasi zilizoungua amekuonyesha nyasi zilizoungua.

Mifano tunayo hapa hapa. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya kimondo ilishuka Mbale, Uganda, alasiri. Kijiwe cha gramu chache kiligonga majani ya mgomba kwanza, kisha kichwa cha mvulana, naye hakuumia vibaya. Tarehe 16 Julai 2011 mawe mengine yalianguka asubuhi karibu na Thika, Kenya, baada ya vishindo. Na ukitaka kuona ushahidi wa kawaida unavyoweza kuzaa matunda, tazama Sudan. Tarehe 7 Oktoba 2008 mwamba mdogo ulioonwa angani siku moja tu kabla ulipasuka juu ya Jangwa la Nubia. Peter Jenniskens, mtaalamu wa vimondo, na Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum wakawahoji watu wa stesheni ya reli iliyo jirani, wakapanga wanafunzi mstari mmoja, wakatembea jangwani bega kwa bega. Hatimaye vilipatikana vipande kama 600.

Jiwe lililoanguka jana lina ngozi nyembamba nyeusi, isiyofika unene wa milimita moja, na ndani lina rangi nyingine, mara nyingi kijivu. Pembe zake zimelainika, na huenda lina mabonyeo mfano wa alama za vidole gumba. Kwa kawaida ni zito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa huo. Likiwa na vitundu vya hewa, karibu kwa uhakika ni mavi ya chuma kutoka kwa mhunzi au kiwandani. Kila mtafutaji huyaokota hayo.

Lakini uzito usikudanganye. Mkoa wa Songwe, Tanzania, una pande zote mbili za habari hii. Kule Mbozi kuna kile kimondo cha chuma cha tani 16 hivi ambacho wengi wanakijua kwa picha. Na kule Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka jiwe jeusi, laini, la kumomonyoka, lililookotwa kiasi cha gramu 705 tu. Nani angeliinama kuokota? Leo ni miongoni mwa mawe adimu kuliko yote. Aina yake inabeba herufi ya Ivuna katika jina la kitaalamu, CI, na vumbi lililoletwa na chombo cha Japani, Hayabusa2, kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu lilifanana nalo. Mawe ya aina hiyo yakilowa huharibika, kwa hiyo mvua moja ya masika inatosha kuyamaliza.

Ukiona la kushuku, fanya kwa mpangilio huu. Omba ruhusa ya mwenye shamba kwanza. Lipige picha likiwa pale pale, ukiweka sarafu au kalamu pembeni, na uhifadhi mahali kwenye ramani ya simu. Liokote kwa karatasi safi ya alumini, ile ya kufungia chakula, si kwa mkono mtupu. Lifunge, liweke kwenye mfuko mkavu. Usilioshe, usilisugue, usilipasue "kuona ndani". Usilibandike sumaku: sumaku kali inafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo jiwe lilibeba kutoka angani. Sogeza dira karibu badala yake. Sindano ikicheza, ni dalili nzuri, si uthibitisho.

Wanunuzi wanaweza kuwahi kufika kuliko wataalamu, na bei ya kwanza huwa ya kukuchezea. Usiuze wala usivushe mpakani kitu ambacho hakijapimwa na ambacho hujaulizia sheria yake.

9. Kama hujawahi kukiona

Kimondo kikubwa hakina ratiba, ila kuna misimu inayoongeza bahati. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba ni wa Jeminidi, mvua ya vimondo ya kila mwaka, na Afrika Mashariki huonekana vizuri kuanzia kama saa nne usiku. Mwishoni mwa Oktoba na wiki mbili za kwanza za Novemba ni zamu ya Tauridi: ni wachache kwa idadi, wa mwendo wa taratibu, lakini wanajulikana kwa kutoa vimondo vikubwa. Hao huonekana kama wanatokea karibu na Kilimia. Tarehe 5 na 6 Mei, kabla ya alfajiri, tazama mashariki. Hapo ndipo vumbi la nyotamkia ya Halley linapoungua, na sisi tulio karibu na ikweta tunaliona vizuri kuliko watu wa Ulaya. Zima taa za nje, lala chali kwenye mkeka, na yape macho dakika 20 za giza bila kuwasha simu.